Kutoka Nyumba ya Nyasi hadi Mlango wa Kuviringisha: Historia ya Milango ya Ghala katika Uru, Kilimanjaro

IKISIRI

Makala haya yanafuatilia historia ya milango ya majengo ya kuhifadhia mavuno na zana za kilimo katika Uru, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, tangu kipindi cha kabla ya ukoloni hadi sasa, ambapo mlango wa chuma wa kuviringisha umekuwa chaguo mojawapo kwa mwenye ghala. Hoja kuu ni kwamba kila mlango uliopata nafasi katika eneo hili ulijibu maswali matatu: nini kinapita, nini kinazuiwa, na nani ana ufunguo. Mlango wa kuviringisha hujibu vizuri swali la kwanza, hujibu nusu ya swali la pili, na huliacha la tatu mikononi mwa wanaoununua. Makala yanaonyesha kwamba ni swali hilo la tatu ambalo limewagharimu zaidi wakulima wa Kilimanjaro, na yanapendekeza namna ya kuchagua na kufunga mlango huo kwa kuzingatia historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Uru iko juu ya mji wa Moshi, kati ya Kibosho upande wa magharibi na Old Moshi upande wa mashariki. Ni eneo la vihamba, yaani mashamba ya ukoo ambamo migomba, kahawa, miti ya kivuli, mifugo na makaburi ya wazee hukaa pamoja katika kipande kimoja cha ardhi ambacho mara nyingi hakizidi hekta moja. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na baada yake huja miezi ya ukungu na baridi ya Juni na Julai. Mavuno ya kahawa huanza wakati baridi hiyo haijakwisha na huendelea hadi mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zinaporejea. Kwa hiyo, mkulima wa Uru huhifadhi zao lake la fedha katika mazingira yasiyo makavu kamwe kwa muda mrefu.

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro imeandikwa kwa wingi kwa upande wa siasa, ushirika na bei. Jengo lenyewe ambamo kahawa hulala kati ya mikono ya mkulima na mnada halikupata uzito huo, na mlango wa jengo hilo umepata mdogo zaidi. Hata hivyo, mlango ndio mahali ambapo mali ya mkulima hubadilisha mlinzi. Kabla ya kuupita, kahawa iko chini ya macho ya mwenyewe. Baada ya kuupita, iko chini ya ufunguo wa mtu mwingine, ingawa bado haijalipwa yote.

Kiswahili chenyewe kinatoa fununu ya jambo hili. Neno kufunga hutumika kwa kazi ya fundi anayeuweka mlango ukutani na kwa tendo la mlinzi anayeuzuia jioni. Makala haya yanazichukua kazi hizo mbili kuwa historia moja: namna mlango ulivyofungwa na fundi huamua, kwa kiasi kikubwa, nani ataweza kuufunga na kuufungua baadaye.

2.0 Mlango mmoja kwa watu na mifugo

Kabla ya ukoloni, kaya ya Kichagga haikuwa na ghala lililojitenga kwa maana ya sasa. Nyumba ya nyasi au ya majani makavu ya migomba ilikuwa makazi ya watu, zizi la ng'ombe na mbuzi, na mahali pa kuhifadhi chakula na kuni kwa pamoja. Mifugo ilifungwa ndani na kulishwa majani ya migomba na nyasi zilizobebwa kutoka tambarare, na samadi yake ilirudishwa kihambani. Nafaka, hususan ulezi unaotumika kutengenezea mbege, ilihifadhiwa juu ya meko, mahali ambapo moshi uliikausha na kuwafukuza wadudu.

Nyumba hiyo ilikuwa na mlango mmoja mfupi. Ufupi wake ulikuwa na kazi. Joto la meko na la mifugo lilibaki ndani usiku wa baridi. Anayeingia alilazimika kuinama, na anayeinama hawezi kuvamia kwa kasi. Kilichopita hapo kilikuwa mtu mmoja na mzigo wake wa kichwani, au ng'ombe mmoja mmoja. Hapakuwa na haja ya upana zaidi.

Hofu kubwa ya enzi hiyo haikuwa mwizi wa gunia bali vita vya kuteka mifugo. Katika karne ya 19 Uru ilibanwa kati ya majirani wenye nguvu: Mangi Sina wa Kibosho upande mmoja na Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, upande mwingine. Sina alijenga ngome ya mawe ambayo Wajerumani waliishambulia mwaka 1891. Sehemu kadhaa za mlima huo zilikuwa na mahandaki yaliyochimbwa ardhini kwa ajili ya kuficha watu na mifugo. Ngome, handaki na mlango mfupi wa nyumba ya nyasi vilikuwa majibu ya viwango tofauti kwa swali lilelile, yaani namna ya kuzuia kinachohamishika kisihamishwe. Katika ngazi ya kaya swali la ufunguo halikuwapo, kwa sababu mlinzi wa mali na mwenye mali walilala nyuma ya mlango uleule.

3.0 Kahawa na haja ya mlango wa pili

Mabadiliko yalianza na mmea. Wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa ya arabika katika misheni ya Kilema katika miaka ya 1890, na kutoka misheni na mashamba ya walowezi kilimo hicho kilienea taratibu katika vihamba. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikaunganisha mteremko wa mlima na bandari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, chini ya utawala wa Waingereza, afisa Charles Dundas aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa licha ya upinzani wa walowezi. Mwaka 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters Association (KNPA), ambapo Joseph Merinyo alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu.

Ni muhimu kutazama kwa nini kahawa, tofauti na mazao yaliyoitangulia, haikuweza kukaa katika nyumba ya zamani. Sababu ya kwanza ni tabia ya zao lenyewe. Ndizi huvunwa mwaka mzima na hazihitaji ghala. Ulezi hunufaika na moshi wa meko. Kahawa ni kinyume. Punje zake hunyonya harufu, na kahawa iliyokaa karibu na moshi, mafuta ya taa au mifugo hupoteza thamani yake mnadani. Sababu ya pili ni unyevu. Kahawa iliyomenywa, kuchachuliwa, kuoshwa na kuanikwa hufikishwa kwenye unyevu wa takribani asilimia 11 hadi 12 ikiwa bado na ngozi yake. Ikirudi kunyonya maji huota ukungu na kubadilika rangi. Kwa hiyo, mahali penye pumzi za ng'ombe na mvuke wa chungu hapaifai.

Sababu ya tatu ilikuwa ya kijamii. Ulezi ulikuwa chakula na kinywaji cha kaya, na mwenye kuuiba alijulikana. Kahawa ilikuwa fedha ambayo haijabadilishwa tu. Gunia moja likitoka kihambani halikuwa na alama ya kumtambulisha mwenyewe. Kuanzia hapo kufuli, komeo na chumba cha pembeni chenye mlango wake vilianza kuwa na maana katika kihamba. Mlango wa pili wa kaya ya Uru, kwa mantiki hii, ulizaliwa na kahawa.

4.0 Ghala la chama na swali la ufunguo, 1933–1976

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932 iliandaa njia ya kuundwa kwa Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU) mwaka 1933, ikichukua nafasi ya KNPA. Muundo wake ulikuwa wa ngazi mbili: vyama vya msingi katika maeneo ya mlima, na muungano wao mjini Moshi. Kila chama cha msingi kilihitaji mahali pa kupimia, kupanga madaraja na kuhifadhi kahawa ya wanachama kabla haijasafirishwa. Kwa mara ya kwanza vijiji vya Uru na majirani zake vilikuwa na jengo ambalo kazi yake pekee ilikuwa kulinda mali za watu wengi nyuma ya mlango mmoja.

Upana wa mlango huo ulifuata vyombo vya usafiri. Mkulima alileta kahawa kichwani au juu ya punda, lakini ilitoka kwa lori. Mlango wa mbao au wa bati wenye kurasa mbili, ulioning'inizwa kwa bawaba na kuzuiwa kwa komeo na kufuli, ulitosha. Watu wawili waliweza kupishana na magunia, na lori liliweza kurudi nyuma hadi kizingitini. Mlango wa namna hiyo ulikuwa rahisi kutengenezwa na seremala wa kijijini na rahisi kurekebishwa. Nyufa zake, ambazo fundi wa leo angeziona kuwa kasoro, zilipitisha hewa.

Tatizo halikuwa mbao wala bawaba. Chini ya utaratibu wa ushirika, mkulima alilipwa sehemu ya fedha alipokabidhi kahawa, na salio lilifuata baada ya mauzo. Kati ya malipo hayo mawili, kahawa yake ilikuwa nyuma ya mlango asiokuwa na ufunguo wake. Kanuni za serikali ya wenyeji ziliwalazimisha wakulima wa Kichagga kuuza kupitia KNCU pekee. Bei ya dunia iliposhuka katika miaka ya 1930 na salio likawa dogo, wengi hawakuona mdororo wa soko la mbali. Waliona ghala lililofungwa mbele yao. Mwaka 1937 wapinzani wa utaratibu huo walikwenda mahakamani wakashindwa, na mwezi Septemba mwaka huohuo ghasia zilizuka katika sehemu za mlima. Maghala ya KNCU yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyoshambuliwa. Serikali ilituma askari na baadhi ya viongozi wa upinzani walihamishwa.

Tukio hilo linaweza kusomwa kwa namna nyingi, na wanahistoria wamelisoma kama mgogoro kati ya mamangi na wakulima, au kati ya ushirika huru na ushirika wa kulazimishwa. Tafsiri hizo ni sahihi. Hata hivyo, uchaguzi wa ghala kuwa shabaha hauwezi kupuuzwa. Mtu havunji ghala la kahawa yake mwenyewe isipokuwa ameacha kuamini kwamba ni yake. Mwaka 1937 unaonyesha kwamba mlango imara hauleti imani. Unaweza hata kuiondoa, iwapo walioweka mali ndani hawana njia ya kujua kinachoendelea nyuma yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei zilipanda, na ushirika wa Kilimanjaro ukawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu zaidi barani Afrika. Fedha za kahawa zilijenga shule na nyumba za matofali zenye paa la bati. Katika kipindi hicho cha neema swali la ufunguo lilinyamaza, kwa kuwa salio lilikuja.

5.0 Mlango unaobadilisha mwenyewe, 1973–2018

Miongo iliyofuata uhuru ilibadilisha umiliki wa majengo mara kadhaa. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi yalitaifishwa. Mashamba hayo, yaliyokuwa zaidi katika sehemu za chini za mteremko, yalikuwa na mitambo na matrekta, na kwa hiyo yalihitaji milango mipana kuliko ya kijijini. Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa kahawa ukawekwa chini ya vijiji na mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ilirejesha vyama hivyo, na KNCU ikarudi mwaka 1984. Ghala lilibaki palepale na mlango wake ukabaki uleule, lakini aliyeshika ufunguo alibadilika zaidi ya mara moja katika muda wa miaka kumi.

Soko huria la katikati ya miaka ya 1990 lilileta wanunuzi binafsi waliolipa fedha taslimu kijijini. Kwa mkulima, faida ya kwanza ya mnunuzi huyo haikuwa bei. Ilikuwa kwamba kahawa na fedha zilipishana mlangoni kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya dunia ilipoporomoka, wakulima wengi wa mlima waling'oa mikahawa au kuiacha. Wakati huohuo baadhi ya vyama vya msingi vya Kilimanjaro viliamua kuuza kahawa yao nje ya KNCU, katika kundi lililojulikana kama G32. Uamuzi huo uliwarudishia wajibu wa moja kwa moja juu ya maghala yao.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliingiza wazo jipya: mwenye mali akabidhi mzigo katika ghala lenye leseni, apewe hati inayoonyesha uzito na ubora, na hati hiyo itumike kama dhamana ya mkopo. Hapo mlango ulipata uzito wa kisheria. Thamani ya karatasi mkononi mwa mkulima inategemea kuwa kilichoandikwa kiko ndani, kimefungwa na kimekauka. Mwaka 2018 serikali iliwaondoa tena wanunuzi binafsi vijijini na kuelekeza kahawa yote ipite katika vyama vya msingi. Kahawa ikarudi nyuma ya mlango wa chama, na salio likarudi kusubiriwa.

6.0 Chimbuko la mlango wa kuviringisha

Ni katika mazingira haya ambapo mlango wa kuviringisha unafikiriwa kwa maghala ya vyama na mabanda ya wakulima wenye uwezo. Mlango huu, ambao mafundi huuita kwa kifupi shata, si uvumbuzi mpya. Katika karne ya 19 maduka ya London yalitumia mapazia ya kuviringisha ya mbao na ya chuma. Mwaka 1895 kiwanda cha Kinnear cha Columbus, Ohio, nchini Marekani, kilianza kutengeneza mlango wa vipande vyembamba vya chuma vilivyoshikana, unaojikunja juu ya mhimili. Katika miaka ya 1950 kampuni ya B&D ya Australia ilitoa aina nyepesi zaidi, ya bati moja lenye mikunjo badala ya vipande vingi, ambayo ilipata soko kubwa katika gereji na mabanda ya mashamba.

Afrika Mashariki iliupokea mlango huu kwanza mjini. Maduka ya miji yalitumia kwa muda mrefu milango ya mbao ya kukunja, na shata la chuma likaja kuchukua nafasi yake katika maduka, gereji na bohari. Kwa hiyo, anapouleta mlimani, mkulima analeta chombo kilichozoea kulinda bidhaa kavu za dukani, zinazokaa siku chache, chini ya macho ya mwenye duka. Kahawa si bidhaa kavu ya dukani, haikai siku chache, na mwenyewe hayupo. Tofauti hizo tatu ndizo zinazopaswa kuongoza uchaguzi.

7.0 Kuchagua na kufunga mlango katika mazingira ya Uru

7.1 Nafasi na kinachopita

Faida kubwa ya mlango wa kuviringisha katika Uru inatokana na ufinyu wa ardhi. Uwazi wenye upana wa mita 3 ukifungwa kurasa mbili za bawaba unahitaji nafasi tupu ya mita 1.5 mbele au ndani ili kila ukurasa uzunguke. Katika ua wenye mteremko, ukurasa huo hukwama kwenye udongo wakati wa masika, na fundi hulazimika kuukata chini na kuacha pengo la panya. Pazia linalopanda juu halihitaji nafasi hiyo, na magunia yanaweza kupangwa karibu na uwazi bila kuzuia njia.

Upana upimwe kwa chombo kikubwa kitakachoingia, si kwa desturi. Ghala linalopokea mizigo ya kichwani, mikokoteni na pikipiki halihitaji upana wa lori iwapo lori litapakia likiwa nje. Kila sentimita ya ziada huongeza uzito wa pazia, ukubwa wa springi na bei. Aidha, juu ya uwazi panahitajika nafasi ya kukaa roli la pazia, ambayo kwa kawaida haipungui sentimita 30 na huongezeka kadiri mlango unavyorefuka. Mabanda mengi ya zamani yana paa linaloanzia karibu kabisa na kichwa cha mlango. Mwenye banda la aina hiyo ana njia mbili: kufunga roli upande wa nje likiwa na kifuniko cha kulikinga na mvua, au kubaki na mlango wa bawaba. Njia ya pili si aibu.

7.2 Ukuta unaobeba

Mlango wa bawaba huning'inia kwenye fremu yake. Mlango wa kuviringisha huuning'inizia ukuta uzito wote wa pazia, mhimili na springi, na kila unapofunguliwa ukuta huo hutikiswa. Kuta za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo haziwezi kushika bolti kwa muda mrefu. Tofali humomonyoka na reli za pembeni huanza kucheza. Panapokuwa na ukuta wa namna hiyo, inafaa kujenga nguzo mbili za zege lenye nondo kila upande, na kuziunganisha kwa linta kabla ya mlango kuletwa.

Fundi apime wima wa nguzo kwa timazi na ulalo wa linta na sakafu kwa pima maji, kisha alinganishe urefu wa kona hadi kona. Vipimo viwili vya kona visipolingana, pazia litapanda upande na kung'ang'ania kwenye reli. Kasoro ya sentimita moja au mbili ambayo seremala angeirekebisha kwa randa haina tiba katika chuma. Kukaza springi kuachiwe fundi mwenye uzoefu, kwa kuwa springi iliyokazwa ina nguvu ya kuvunja mkono. Palipo na umeme usioaminika, mlango wa mashine uwe na mnyororo au mkono wa kuzungushia, ili mavuno yasikwame ndani umeme unapokatika.

7.3 Unyevu na hewa

Hili ndilo jambo ambalo mlango wa mjini haujui. Usiku wa baridi wa Julai, bati la chuma hupoa haraka kuliko ukuta. Hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani hugusa bati hilo na kugeuka matone, ambayo hutiririka hadi sakafuni. Magunia yaliyopangwa karibu na mlango huyanyonya. Mlango wa mbao wenye nyufa ulipitisha hewa bila kukusudia. Pazia la chuma linaloziba vizuri huondoa huduma hiyo bila mtu kugundua, hadi kahawa inapofika mnadani.

Kwa hiyo, asiyejenga njia ya hewa asifunge mlango huu katika ghala la kahawa. Matundu yenye nyavu yawekwe juu karibu na paa na mengine chini kwenye kuta zinazotazamana. Sehemu ya juu ya pazia inaweza kuwa ya vipande vyenye matundu. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta na mlango, na mlango ufunguliwe wakati wa jua la mchana. Kizingiti kiwe na mteremko mdogo wa kwenda nje, pamoja na mfereji wa kuchukua maji ya mvua. Mbolea isihifadhiwe chumba kimoja na kahawa: harufu yake huingia kwenye punje, na chumvi zake, kama ilivyo kwa hewa ya zizi, hula chuma cha reli na springi. Kwa sababu hiyohiyo, banda la mifugo linafaa mlango wa mbao kuliko shata.

7.4 Ufunguo

Pazia la mlango wa kuviringisha humalizika chini kwa upau mzito, na upau huo hufungwa kwenye reli au sakafu katika ncha zake mbili. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni jambo la uimara tu. Katika ghala la chama linaweza kuwa zaidi ya hapo. Ncha mbili zinaweza kubeba kufuli mbili zenye funguo tofauti: moja kwa mtunza ghala, nyingine kwa mwakilishi aliyechaguliwa na wanachama wasiokuwa watendaji. Pazia haliwezi kupanda upande mmoja tu. Kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Gharama ya ziada ni kufuli moja.

Mpangilio huo hauzuii wizi wa kila namna, na hauchukui nafasi ya mizani sahihi, daftari lililo wazi na mkutano wa wanachama. Lakini unagusa kidonda kilekile kilichofunguka mwaka 1937. Mtu ambaye mwenzake aliyemchagua ana ufunguo hajatengwa na kahawa yake. Iwapo kufuli zote mbili zitakuwa mfukoni mwa mtu mmoja, chama kitakuwa kimenunua mlango ghali zaidi wa kufanyia kosa la zamani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba milango ya mavuno katika Uru haikubadilika kwa kufuata mitindo. Mlango mfupi wa nyumba ya nyasi ulilingana na mzigo wa kichwani, baridi ya usiku na hofu ya vita. Kahawa ilitenganisha ghala na meko, kwa kuwa zao hilo halivumilii moshi wala mvuke. Ushirika ulipanua mlango kwa ajili ya lori na, bila kukusudia, ukamweka mkulima upande wa nje. Mabadiliko ya miaka ya 1976, 1984, miaka ya 1990 na 2018 yalikuwa, kwa macho ya mkulima, mabadiliko ya mshika ufunguo.

Mlango wa kuviringisha unaweza kuwa chaguo zuri panapokuwa na ufinyu wa ua, ukuta wa kuubeba, njia ya hewa na fundi anayeujua. Pasipokuwa na masharti hayo, mlango wa mbao uliotengenezwa vizuri ni salama zaidi kwa kahawa na kwa mfuko wa chama. Kwa vyovyote vile, kamati inayokaa kujadili aina ya mlango, unene wa bati na bei ya fundi inapaswa kumaliza kikao chake kwa swali ambalo hakuna muuzaji wa milango atakayeliuliza: jioni mlango ukishafungwa, funguo zitalala nyumbani kwa nani?